Mkono na Kifua

Miezi mitatu tu Ujerumani, nikajiona Kijerumani nimekimaliza. Siri niliigundua mwenyewe: neno refu likikutisha, likate vipande kama muwa. Handschuh? Mkono, kiatu: kiatu cha mkono, yaani glavu. Schildkröte? Ngao, chura: chura mwenye ngao, yaani kobe. Kamusi ya nini tena?

Siku moja, katika mji mdogo wa Bavaria nilikokuwa nikiishi, nikaona tangazo: Armbrust, mazoezi kwa wanaoanza, Jumamosi saa nne. Nikanoa panga langu. Arm, mkono. Brust, kifua. Jimu hiyo, tena ya bure! Na kitambi kilikuwa kimeshaanza kunitangulia mlangoni.

Jumamosi nikatinga na bukta, singlendi na taulo shingoni. Ukumbini wazee sita, wamevaa vizuri, wananitazama. Nikasema moyoni, hawa hawajawahi kuona mwanamichezo. Nikajilaza sakafuni, pushapu. Kwenye ya nane nikaona viatu mbele ya pua yangu. Kuinua kichwa, babu mmoja ameshika upinde uliofungwa kwenye mti kama bunduki, na kifyatulio chake.

Nilifika mlangoni kabla ya taulo langu.

"Rudi, rudi! Armbrust ndiyo hii!"

Babu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniketisha, akanipa ukoo wa neno. Humo hamna mkono wala kifua. Lilitoka Kilatini, arcuballista: arcus ni upinde, ballista ni mtambo wa kurushia mawe, na huyo ballista naye ana babu Mgiriki, ballein, kurusha. Wajerumani wa Zama za Kati walilisikia geni, wakalivalisha maneno ya nyumbani kwao.

Hapo nikapata pa kujitetea. Nikamwambia nasi tuliwasikia Waingereza wakisema "keep left" barabarani, tukapata kiplefti, na vikiwa viwili, viplefti. Alipenda ile "vi" kuliko alivyopenda pushapu zangu, akanipa nijaribu upinde mara tano. Uzi wake mgumu huo! Unauvuta kwa mikono miwili kama unang'oa muhogo kiangazi.

Jumapili nilishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Na kilichokuwa kinauma, yule babu sijamwambia mpaka leo: mkono na kifua.