Zidisha kwa Mbili, Jumlisha 30? Kwa Mayai, Hapana

Kuna kanuni inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: una Selsiasi, unataka Farenhaiti, basi zidisha kwa mbili kisha jumlisha 30. Haina jasho, inaingia kichwani mara moja, na ndugu zetu walioko Marekani ndiyo wanayotumia kutufafanulia baridi ya huko. Mimi naipinga. Kwa kujua kama utoke na sweta au bila sweta, sawa, itumie. Lakini watu wameitoa huko wakaipeleka jikoni, wakaipeleka kwa mgonjwa, na linaloniudhi kuliko yote, wameipeleka kwenye mashine za kutotolesha vifaranga.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha kwa 1.8 halafu kujumlisha 32. Ukiweka nyuzi 10 za Selsiasi, njia zote mbili zinakupa 50, sawasawa kabisa. Kwenye 20 kanuni ya mkato inakupa 70 badala ya 68, hakuna aliyekufa. Kwenye 30 inakupa 90 badala ya 86. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi kukudanganya, na ukifika 37, joto la mtu mzima wa afya, inakuambia 104 wakati jibu ni 98.6. Sasa 104 ya Farenhaiti ni nyuzi 40 za Selsiasi. Umemchukua mtu asiyeumwa chochote, ukampa homa ya kumkimbiza hospitali.

Tuje kwenye mayai. Hizi mashine ndogo za trei moja au mbili zinazoletwa kutoka nje zimejaa mitaani, na nyingi zinakuja na kijitabu kilichoandikwa kwa Farenhaiti, au zina kioo kinachoweza kusoma vyote viwili kutegemea kitufe ulichobonyeza. Mfugaji naye maelekezo yake kayapata kwa mwenzake au kwa bwana mifugo, na huko yako kwa Selsiasi: mashine yenye feni, weka 37.5, siku 21, geuza mayai. Akiwasha anakuta kioo kinasoma 99.5, anashtuka. Hiyo 99.5 ndiyo 37.5 hasa, mashine iko sawa. Yeye anachukua kanuni yake ya WhatsApp: 37.5 mara mbili ni 75, jumlisha 30, inakuwa 105. Anapandisha.

Nyuzi 105 za Farenhaiti ni 40.6 za Selsiasi. Yai linavumilia baridi ya muda kidogo. Hata kuku mwenyewe huinuka kwenda kula na kunywa, akarudi akaendelea kuatamia. Joto likizidi halina msamaha. Likikaa hivyo kwa saa nyingi kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai, kinakufa, na vinavyosalia huwa na kasoro. Nilikuwa kwa jirani siku ya saba anamulika mayai yake kwa tochi ya simu, chumba kimefungwa mapazia. Badala ya ile mishipa inayotawanyika kama mizizi, yai baada ya yai lilionyesha pete nyembamba ya damu, imetulia, haichezi. Pete ya damu maana yake kiinitete kilianza, kikafa mapema. Alikuwa anamlaumu aliyemuuzia mayai, kwamba jogoo wake hafai. Jogoo alikuwa amefanya kazi yake; kama hakuna mbegu, hata hiyo pete usingeiona.

Na hapo bado kuna mashine zisizo na feni, ambazo joto lake hupimwa usawa wa juu ya mayai na huwekwa juu kidogo, kama 38.9, yaani 102 ya Farenhaiti. Kwa hiyo mtu akikuambia “mimi naweka 102 na vifaranga wanatoka”, muulize kwanza kama mashine yake ina feni.

Kosa la pili ni la kijanja zaidi, kwa sababu anayelifanya anatumia simu na simu haikosei kuzidisha. Kijitabu kinasema joto lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi moja ya Farenhaiti. Mtu anaandika 1 kwenye simu, inamjibu: −17.2. Hapo anaona Farenhaiti ni uchawi. Simu imejibu swali jingine kabisa. Ile 32 tunayojumlisha au kutoa ni ya mahali kipimo kinapoanzia, maana maji yanaganda kwenye 0 upande mmoja na 32 upande wa pili. Ukizungumzia ongezeko au pungufu, mwanzo hauhusiki, unagawanya kwa 1.8 basi. Nyuzi moja ya Farenhaiti ni kama nusu nyuzi ya Selsiasi. Mapishi ya Kimarekani yakisema punguza oveni kwa 25, shusha kama 14. Ukiuliza simu itakuambia −3.9, na sijui utaiweka wapi hiyo. Hata ile nyuzi 1.5 ya ongezeko la joto la dunia inayotajwa kila mkutano wa tabianchi, kwa Wamarekani ni ongezeko la 2.7. Anayeipitisha kwenye kikokotoo cha kawaida anapata 34.7, na dunia imeshaiva.

Watu wengi hapa humalizia kwa kuwacheka Wamarekani na kipimo chao. Mimi siwezi. Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig (leo Gdańsk, Poland) mwaka 1686, alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia, na shida yake ilikuwa ya kifundi: vipimajoto viwili vilivyotengenezwa siku tofauti vikubaliane. Katika kipimo alichokichapisha mwaka 1724, sifuri ilikuwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. 32 ilikuwa barafu na maji. 96 ilikuwa joto la mtu mwenye afya. Kutoka 32 hadi 96 ni nafasi 64, na 64 unaigawa nusu, nusu ya nusu, mpaka unafika moja bila kubaki kitu. Mtu anayechora mistari kwenye mrija wa kioo kwa mkono hawezi kuomba zaidi ya hapo. Baadaye kipimo kilirekebishwa kifuate kuganda na kuchemka kwa maji, 32 na 212. Na huyo Celsius tunayemsifu, mwaka 1742 alikiweka chake kichwa chini miguu juu: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Kiligeuzwa na wengine.

Ile 98.6 pia haistahili heshima inayopewa. Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, ndiye aliyeieneza 37 kwenye kitabu chake cha mwaka 1868, na 37 ni namba nzima, haina nukta. Ukiibadilisha kuwa Farenhaiti inapata nukta sita, mtu anadhani imepimwa kwa umakini wa ajabu. Vipimo vya watafiti wa Marekani vilivyochapishwa mwaka 1992 vilipata wastani wa 36.8, ambayo ni 98.2. Kwa hiyo mwanao akisoma 98.9, nukta tatu juu ya “kawaida”, acha alale. Homa huanza kuhesabiwa 38, yaani 100.4.

Kama lazima upige hesabu kichwani, basi ongeza hatua moja tu kwenye ile kanuni. Zidisha kwa mbili, toa sehemu moja ya kumi ya ulichopata, jumlisha 32. 37 mara mbili ni 74, toa 7.4, inabaki 66.6; jumlisha 32, ni 98.6. Si makisio, ni jibu kamili, kwa sababu mbili ukiipunguza sehemu ya kumi ndiyo 1.8. Au usipige kabisa, shika chache: 0 ni 32, 10 ni 50, 20 ni 68, 30 ni 86, 40 ni 104, na kila nyuzi tano za Selsiasi ni tisa za Farenhaiti. Ziko na mbili za kugeuza tarakimu, 16 ni 61 na 28 ni 82, ukikadiria kwenye namba nzima iliyo karibu. Dada akikuandikia kutoka Minneapolis kwamba leo ni 20 tu, usimwambie mbona ni kama Lushoto. Hiyo ni chini ya sifuri, karibu −7.

Kwa mashine za vifaranga lakini, sitaki mtu apige hesabu yoyote. Wanaoziingiza nchini wangebandika karatasi moja ya Kiswahili pembeni ya kioo: yenye feni, 37.5 C, 99.5 F. Mpaka wafanye hivyo, tafuta kitufe cha C/F, kwa nyingi ni kukibonyeza na kukishikilia kidogo, weka C, halafu bandika juu yake kipande cha selotepu ili mtoto asikiguse.