Mateka ni wa nani sasa?

Jamani hivi mtu anatungaje gemu la vita la mezani la kuchezwa miezi mitatu, kitabu cha sheria kinene hivi, halafu kuhusu mateka anaandika kasentensi kamoja tu, "kikosi kilichotekwa kinaondolewa", kinaondolewa kinaenda wapi?? Jana tumebishana lisaa lizima, mi nimeteka wapanda farasi wawili wa mshkaji nataka niwatumie raundi ijayo, yeye anadai wanarudi kwake wazima kabisa, yaani walikuwa likizo. Drafti iko wazi, kete ikiliwa imekufa. Kwenye bao ndo kabisaa, ukila kete za mwenzio unazitia upande wako kuanzia kichwani, lile shimo la pembeni mstari wa mbele, zishakuwa zako, twende kazi. Sasa hili gemu limenitoa laki na nusu linashindwa na mbao yenye mashimo 32, na chai yangu ikapoa.