Kutenganisha taka nyumbani: tuanze na ndoo ya jikoni

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaitaka kila nyumba nchini Kenya itenge taka zinazooza na zisizooza kabla ya kuzitoa nje. Litaje jambo hili kwenye baraza yoyote ya Mombasa uone utakavyojibiwa: nizitenge za nini, na gari likija linachanganya zote?

Anayesema hivyo si mvivu. Sheria hiyohiyo inazitaka kaunti ziweke vituo vya kupokelea na kuchambulia taka, na Katiba imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Mama aliyepanga chumba kimoja Majengo, kitanda huku na jiko huku, akiambiwa aweke mapipa mawili kisha aone yote yanamwagwa pamoja kwenye mkokoteni, ana haki ya kuhisi anachezewa.

Ila jibu hilo linalifanya gari kuwa ndio njia pekee ya taka kutoka nyumbani, na si kweli. Wapo wanaopita mitaani wakiulizia mitungi, chupa za plastiki na vyuma chakavu, na wapo wanaochakura majaani. Taka za Mombasa zinachambuliwa tayari. Tunachobishania ni mahali: zichambuliwe jikoni kwako, kwa kuitupa chupa huku na ganda kule, au kwenye jaa la Mwakirunge juani, na mtu asiye na glavu, katikati ya nepi na vigae vya chupa. Tena katoni iliyolowa mchuzi haina mnunuzi, na chupa iliyojaa uchafu bei yake huanguka. Taka kavu iliyobaki kavu ina mwenyewe hata gari lisipofika wiki nzima.

Kwa hiyo mimi shida naiona kwenye taka mbichi, zile zinazooza. Katika miji yetu ndizo nyingi kuliko zote. Hapa pwani ni maganda ya muhogo na ya embe, machicha ya nazi, matumbo ya samaki, ukoko wa wali. Kwa joto letu matumbo ya samaki hayangoji kesho. Usiku mmoja tu yameshanuka, nzi wametua, paka wamelipasua fuko na kila kilichokuwemo kimeharibika. Taka mbichi zikifukiwa jaani pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, na ndiyo inayosaidia majaa kuwaka moto.

Nyumba za zamani zilikuwa na utaratibu wake. Machicha yalikwenda kwa kuku, vifuu vikawa kuni, maganda yakaliwa na mbuzi. Hapakuwa na aliyeita jambo hilo kuhifadhi mazingira. Mwenye kiwanja Mtongwe au Mikindani anaweza hata leo kuchimba shimo, akitupa taka za jikoni anazifunika kwa majani makavu, na baada ya miezi kadhaa akapata mbolea ya michicha. Mpangaji wa ghorofa ya tatu Tudor hawezi, na kumwambia ajitahidi ni kumkejeli. Huyo anamhitaji mtu wa kumchukulia ndoo yake kila siku, na hapo wapinzani wananishinda: huduma hiyo mitaa mingi haina.

Wananishinda tena kwenye pakiti za krisi, vifuko vidogo vya sabuni na nepi. Hakuna anayenunua vitu hivyo. Mwaka wa 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini inayofika shilingi milioni 4, na mifuko ile ikapungua kweli. Karatasi za plastiki za mikate na biskuti zilibaki, na mvua ya masika ikinyesha ndizo zinazoziba mitaro kabla ya kuishia baharini. Kumlaumu mlaji kwa kitu alichouziwa kikiwa hakina pa kwenda si haki. Sheria ya 2022 imemtwika mzigo huo mtengenezaji, na aubebe.

Kuna pia wanaohofia kuwa nyumba zikitenga, wachakuraji watakosa riziki. Sioni hivyo. Ni wachache watakaobeba chupa zao wenyewe hadi kwa mnunuzi. Wengi watampa kijana anayepita, naye ataokota nyingi zaidi kwa muda mfupi bila kukatwa na chupa.

Basi kwa sasa ndoo moja yenye kifuniko kwa taka mbichi na gunia moja kwa taka kavu vinatosha. Sindano zitiwe kwenye mtungi wake na betri kwenye wake, zisichanganywe na chochote. Na diwani akija kuomba kura aulizwe ratiba: siku gani gari linachukua mbichi, siku gani kavu. Gari ni lilelile na dereva ni yuleyule; kinachobadilika ni siku tu.