Usimfurushe Ndege kwa Ajili ya Picha

Mara nyingi nimemwona mpiga picha akichoka kungoja, akapiga makofi au akatupa kijiwe majini ili ndege aliyetulia aruke. Tendo hilo linaniudhi, wala si kwa sababu ya huruma peke yake, kwani hata picha yenyewe huwa mbaya. Ndege aliyefurushwa humkimbia aliyemfurusha, hivyo kamera hubaki na mkia na kisogo.

Ndege mkubwa kwa kawaida huondoka akiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele humsaidia kuinuka. Anayelijua hilo husimama upepo ukimpiga mgongoni, na jua nalo likiwa nyuma yake ikiwezekana, kisha akangoja; ndege akiruka kwa hiari yake huja upande wa kamera, mwanga ukimwangukia usoni na jicho likionekana wazi.

Dalili za kuruka zipo, ila zinataka macho yaliyotulia. Korongo (yule aitwaye heron kwa Kiingereza) aliyesimama kwenye maji mafupi hugeuka kuuelekea upepo, mara nyingi hutoa kinyesi, hukunja miguu kidogo na kunyoosha shingo mbele, ndipo anapojirusha. Akishakuwa angani huirudisha shingo mabegani. Nafasi nzuri ni hiyo fupi kabla shingo haijakunjwa, na haipati mtu ambaye wakati huo anatafuta kijiwe cha kutupa.

Kuhusu kamera, kasi ya shata, yaani kifuniko kinachofunguka kupitisha mwanga, ya 1/1000 ya sekunde yaweza kumtosha ndege mkubwa apigaye mabawa polepole, lakini mbayuwayu huhitaji 1/2000 au kasi zaidi ya hiyo, na fokasi (ulengaji unaoifanya picha iwe kali) iwe ile inayomfuata ndege mfululizo. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, aliyechunguza miendo ya wanyama, alitengeneza bunduki ya kupigia picha iliyonasa picha 12 kwa sekunde. Leo zipo kamera zinazopiga 20 na zaidi, lakini hakuna hata moja inayomwambia mwenye nayo ndege ataelekea wapi.

Penye kiota sikubali udhuru wowote. Mzazi akiondolewa juu ya mayai, mayai hupoa au huunguzwa na jua, na wezi wa mayai hawakawii kufika. Picha iliyopatikana hivyo nisingeitundika ukutani, hata ingekuwa kali namna gani.

Asubuhi moja nilimngoja korongo kwa muda wa saa mbili, nimeketi chini, kamera magotini. Aliruka mara moja tu. Nilipata picha tatu, na katika mojawapo mabawa yameinuliwa yote mawili, matone ya maji yakining'inia kwenye vidole vya miguu. Alitua ng'ambo ya maji, akakunja mabawa, akaendelea kuvua.