Danieli 12:4 haikuandikwa kuhesabu simu zetu

Klipu ile inayodai kwamba teknolojia ya leo ndiyo kutimia kwa Danieli 12:4 imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa, safari hii ikiwa na akili mnemba mahali palipokuwa na 5G miaka michache iliyopita. Mhubiri anasoma nusu ya pili ya Danieli 12:4, "wengi wataenda mbio huko na huko, na maarifa yataongezeka", anafunga Biblia, kisha zinafuata ndege, satelaiti na roboti mpaka ibada inaisha. Nusu ya kwanza ya aya hiyohiyo haisomwi, na ndiyo inayoonyesha ni maarifa gani yanayosemwa: Danieli anaagizwa ayafunge maneno na kukitia kitabu muhuri hata wakati wa mwisho.

Kitabu kimefungwa. Kitakachoongezeka ni kuelewa yaliyofungwa humo. Shuka kidogo tu: katika 12:8 Danieli mwenyewe anasema alisikia asielewe, na katika 12:10 anajibiwa kwamba waovu hawataelewa, wenye hekima ndio watakaoelewa. Rudi 9:2 umwone akifanya jambo lenyewe: ana vitabu mbele yake, anamsoma Yeremia, anatambua hesabu ya miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu, halafu anafunga na kuomba katika nguo za magunia na majivu. Amosi 8:12 nayo ina watu wanaopiga mbio huko na huko, na wanachokitafuta ni neno la BWANA. Inauma kuona waumini waliotoka mbali kuja kusikia neno hilo wakirudi nyumbani na orodha ya mashine.

Na fundisho lenyewe wala si jipya. Mwaka 1620 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon alichapisha kazi yake juu ya njia mpya ya kutafuta elimu ya maumbile, na kwenye ukurasa wa mbele pakawekwa picha ya merikebu inayopita kati ya nguzo za Hercules, yaani mlango wa bahari wa Gibraltar, uliohesabiwa zamani kuwa mpaka wa dunia iliyojulikana, chini yake maneno ya Danieli 12:4 kwa Kilatini. Kwake yeye unabii ulikuwa unatimia kwa safari za baharini na uvumbuzi wa siku zile. Imepita miaka 400. Aya inayotimizwa na merikebu, kisha gari moshi, kisha redio, kisha kompyuta, haiwezi kumwambia mtu tumefika wapi katika majira ya Mungu.

Tazama mwaka 1844. Tarehe 24 Mei Samuel Morse, mvumbuzi wa telegrafu, alituma kwa waya, kutoka Washington hadi Baltimore, maneno ya Hesabu 23:23. Tarehe 22 Oktoba wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walimngoja Kristo arudi, naye hakurudi. Walizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14 kuwa miaka, wakaanzia 457 K.K.; 2,300 ukitoa 457 unapata 1843, na kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya K.K. na B.K., hesabu inaangukia 1844. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwezi Juni, mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa. Mwezi uliofuata alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, akaendelea na kazi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1952, ikatoka Biblia nzima ya Muungano, ile ambayo bibi zetu wameisoma mpaka jalada likaachia. Ukiniuliza lipi kati ya mambo hayo matatu liko karibu zaidi na Danieli 12:4, nitakuonyesha ile meza ya Krapf pale Mombasa, bila kusita. Waadventista, waliotokana na wafuasi hao wa Miller, watasema kujifunza Danieli kulikofuata baada ya 1844 nako kulikuwa ongezeko la maarifa. Hapo siwapingi sana. Wao angalau walikifungua kitabu.

Kuna na ile takwimu kwamba maarifa yanaongezeka maradufu kila saa 12. Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi aliyepima jambo hili kwa kuhesabu machapisho ya kisayansi, aliandika mwaka 1963 kwamba yanaongezeka maradufu kila miaka 10 hadi 15. Kinachoweza kufumuka ndani ya saa chache ni data. Video moja ikitumwa kwenye kundi la watu 200, simu 200 zinaweza kubaki na nakala zake, na hakuna aliyejifunza jambo la pili.

Tarakimu kulingana si ushahidi. Chipu ya kompyuta ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300, sawasawa na Danieli 8:14, na hakuna kinachofuata kutokana na hilo. Hata dai kwamba msimbopau wa bidhaa umeficha 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, ni hivyo: mistari ya mwanzo, katikati na mwisho inafanana kwa macho na tarakimu 6, lakini kila tarakimu huchukua nafasi saba, wakati mistari hiyo huchukua tatu pembeni na tano katikati. Mashine haiisomi kama namba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Ufunuo 13:17, unaosema asiye na alama ya mnyama hataweza kununua wala kuuza, una uzito mpya pale ambapo kununua na kuuza kote kunapita kwenye simu na mamlaka moja ikaweza kukufungia laini. Hilo lihubiriwe. Ila lihubiriwe pamoja na 14:9, ambako alama inaambatana na kumsujudu mnyama. Wapo wanaoiita chanjo alama hiyo, lakini mtu hamsujudu mnyama kwa kuchanjwa.

Wachungaji wangu, Danieli 10 hadi 12 ni maono mamoja, ya mwaka wa tatu wa Koreshi. Ni aya 79. Zikisomwa kwa sauti bila haraka zinachukua kama robo saa, kwa hiyo Jumapili ijayo zisomeni zote kwanza, mfululizo, kabla ya kutaja akili mnemba.