Rambirambi za Bibi Aliye Hai

Mkuu wetu wa chuo alikwenda semina Dodoma, akarudi na begi la makaratasi, fulana mbili na wakala. Fulana aligawa. Wakala, yaani programu ya akili mnemba inayojibu na kutenda yenyewe, ndiye akatusumbua. Hakikupita kikao bila kutajwa. Madam wa taaluma akilalamika kuwa wanafunzi hawajibiwi maswali yao, Mkuu anasema wakala atajibu. Mhasibu akilalamika kuwa choo cha wavulana kimeziba, Mkuu anafikiri kidogo, kisha anaandika kitu kwenye daftari lake.

Chuo chenyewe kiko Kigoma mjini. Jina lake nitalimeza kwa sababu bado kinanilipa mshahara. Tunatumia Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo lake la kwanza mwaka 2002, na sisi vyuo visivyo na hela tunaupenda kwa sababu ambayo haihitaji semina: ni wa bure. Walimu wanaweka humo notsi, wanafunzi wanawasilisha humo asaimenti, tena usiku wa mwisho, dakika ya mwisho, na mimi msimamizi wa mfumo nalala nikiwa nimeshika simu.

Kumuunganisha wakala wa akili mnemba si uchawi. Moodle ina mlango wa pembeni kwa ajili ya programu nyingine. Unaufungua, unachagua mambo ambayo programu ya nje itaruhusiwa kuyafanya: kusoma orodha ya darasa, kutuma ujumbe, kumwongezea mtu muda wa asaimenti, kubandika tangazo. Kisha unatoa tokeni, yaani mstari mrefu wa herufi na namba. Katika mambo hayo uliyoyaruhusu, mwenye tokeni anafanya lolote ambalo mwenye akaunti angeweza kulifanya, na kila anachofanya kinatokea kwa jina la mwenye akaunti. Shika hapo, tutaparudia.

Mimi nilipanga kumfungulia akaunti yake mwenyewe, ya kusoma tu. Asome maswali, aandae majibu, mtu ayapitie. Mkuu akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, umewahi kuona karani asiye na kalamu? Mpe tokeni ya akaunti yangu."

"Mzee, akaunti yako inaweza kugusa kila darasa la chuo hiki."

"Ndiyo maana nataka itumike."

Nikaomba maneno yangu na yake yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Yakaingia. Nikatoa nakala, nikaihifadhi kwenye droo yenye kufuli.

Basi tukampa jina la Karani. Nikamuunganisha kwa itifaki ya MCP, hii iliyotoka mwishoni mwa 2024 na ambayo sasa kila mtu anaitumia kuunganisha modeli za akili mnemba na mifumo mingine. Nikamwandikia maelekezo: jibu kwa adabu, usitoe majibu ya mtihani, mwenye sababu ya msingi mwongezee muda. Mkuu akayasoma, akaona yamekauka, akaongeza sentensi yake kwa mkono: "Penye msiba, chuo kishiriki kikamilifu." Nikaichapa kama ilivyo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Binti mmoja wa Kasulu aliuliza saa nane usiku notsi za mada ya pili ziko wapi, akajibiwa kabla hajageuza shavu kwenye mto. Madam wa taaluma akanipikia chai.

Kisha akaja kijana wa mwaka wa pili. Asaimenti ya takwimu ilikuwa inafungwa saa sita usiku. Ilipofika saa tano na nusu, akiwa hajaandika hata jina lake, akamtumia Mkuu ujumbe kwamba amefiwa na bibi yake huko Kibirizi na anaomba muda. Hakutegemea jibu. Jibu likaja papo hapo, kwa jina la Mkuu, na picha ya Mkuu mwenye tai: pole ndefu yenye aya tatu, dua, na wiki nzima ya nyongeza. Kijana akaamsha chumba kizima kuwaonyesha.

Kuanzia hapo mabibi wa mkoa wa Kigoma wakaanza kufa. Walikufa Uvinza, walikufa Kibondo, walikufa Buhigwe. Waliomaliza mabibi wazaa mama walihamia kwa wazaa baba. Kuna mmoja alimzika bibi yule yule katika masomo mawili tofauti, na Karani alimlilia mara zote mbili kwa uchungu uleule, maana nilivyomuunganisha hakuwa na kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita. Kila ujumbe kwake ulikuwa wa kwanza duniani. Madam wa taaluma alipoona orodha ya walioongezewa muda akanivuta pembeni.

"Mwalimu, huko wilayani kuna kipindupindu?"

Wiki ya kijana wetu ilipoisha, asaimenti ilikuwa palepale. Akaandika tena: maziko yamecheleweshwa kuwasubiri ndugu walio ng'ambo ya ziwa, ni kesho, aongezewe kidogo. Safari hii akataja na jina kamili la bibi, ili neno liwe na uzito. Karani akaona "msiba", akaona "kesho", akakumbuka maelekezo ya Mkuu kuhusu kushiriki kikamilifu. Akabandika tanzia kwenye matangazo ya ukurasa wa mbele, ambayo kwetu kila mwenye akaunti anayapata kwa barua pepe, apende asipende.

Nilikuwa Mwanga, hapa hapa mjini, mbele yangu ugali wa muhogo na mgebuka, nilipoiona kwenye simu. "Kwa masikitiko makubwa, Mkuu wa Chuo anatangaza..." Marehemu alikuwa nguzo ya familia, mcha Mungu, mlezi wa wengi. Hayo yote Karani aliyatoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Rambirambi zipelekwe kwa CR, yaani kiongozi wa darasa.

Sikupaparika sana, kwa sababu Moodle ina hekima moja: ukibandika kitu kwenye jukwaa, kwa kawaida inakupa dakika 30 za kukirekebisha kabla barua pepe hazijatoka. Nikasema mgebuka utanisamehe. Nikabonyeza kufuta, bando likakata. Nikamuomba mama ntilie simu yake, akasema ni ya kitochi. Nikapanda bodaboda, na dereva ni yule asiyeweza kumpita shemeji yake bila kusimama kuulizia habari za nyumbani. Kufika ofisini, umeme hakuna. Nikashukuru kwamba angalau mfumo nao utakuwa umezimika, halafu nikakumbuka kwamba seva yetu tunakodi Dar es Salaam, na huko umeme ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Nilipopata intaneti kwa simu ya mlinzi, nikafuta tangazo. Barua pepe zilishafika. Kundi la WhatsApp la chuo lilikuwa limejaa viganja vilivyounganishwa na "Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Nikaandika kwamba tanzia ile ipuuzwe. Mtu akanijibu: "Mwalimu, hata kama una chuki na familia, siku ya msiba tunanyamaza."

Asubuhi CR akakodi daladala. Walikwenda wanafunzi na walimu wawili, na mchele, na mkeka, na bahasha ya mchango. Haya ya Kibirizi nilisimuliwa na CR mwenyewe. Bibi alikuwa ufukweni anaanika dagaa kwenye chanja, mzigo mzuri wa usiku ule wa giza ambao mitumbwi ilirudi imejaa. Akaona kundi la vijana wamevaa nguo za heshima na nyuso zimeshuka, akajua ni wateja kutoka mbali.

"Karibuni wanangu. Mnataka kilo ngapi?"

"Shikamoo bibi. Tunaulizia nyumba yenye msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

CR akasoma jina kwenye simu, lote.

"Huyo ni mimi," alisema bibi.

Binti mmoja alikimbia hadi maji yakamfika magotini.

Daladala ilirudi na abiria mmoja wa ziada. Bibi aliingia ofisini kwa Mkuu na kikapu chake, sote tukasimama. Mkuu akaamkia kwanza, sauti ikamkauka.

"Marahaba baba. Nimekuja kuwaona walionizika."

Akataka asomewe. Mkuu akajaribu kufupisha, bibi akasema hapana, lote, kama lilivyokuja. Pale penye "nguzo ya familia" akaomba parudiwe.

"Huyu aliyeandika ananijua kuliko wanangu wa kuwazaa. Ni nani?"

Mkuu akanitazama mimi. Mimi nikaenda kwenye droo, nikarudi na muhtasari wa kikao.

Bibi hakuwa na haja ya makaratasi. Akamgeukia CR. "Mchango umechangwa kwa jina la nani?"

"Lako, bibi."

"Basi ulete."

Madam wa taaluma akaeleza kwa upole kwamba kwa kuwa hakuna msiba, hela zitarudi kwa wenyewe. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Siku nikifa kweli, mtachanga?"

"Tutachanga, bibi."

"Basi hii ni ya utangulizi." Akahesabu, akafunga kwenye pindo la kanga, akauliza mjukuu wake yuko wapi. Yuko nyuma ya maktaba, amejibanza. Aliletwa. Bibi hakumpiga wala kumgombeza. Alimshika mkono hadi maabara ya kompyuta, akavuta kiti, akakaa naye bega kwa bega, dagaa miguuni, mpaka kijana alipobonyeza kitufe cha kuwasilisha. Maabara ilinukia samaki wiki nzima. Kijana akapata sapu, yaani kurudia mtihani, hata hivyo, maana takwimu ni takwimu.

Nilifuta ile tokeni Mkuu akiwa amesimama nyuma yangu. Sasa Karani ana akaunti yake ya kusoma tu. Anaandaa rasimu, Madam wa taaluma anazipitia kabla hazijatumwa. Vifo vya mabibi vilikoma kuanzia usiku huohuo.

Lakini siku ile, kabla hajapanda daladala ya kurudi, bibi alikumbuka kitu, akarudi ofisini. Alitaka ile tanzia ichapishwe, akaiweke nyumbani watoto wake waisome wangali naye. Nikaichapa kwenye karatasi nzuri. Akaitazama juu na chini, akasema haina muhuri.

Mkuu akafungua droo, akagonga.