Sura 67 za Bleak House: zote, au baadhi?

Mwalimu anayeiweka Bleak House ya Charles Dickens kwenye muhula wa wiki 12 anajua anachowatwisha wanafunzi wake: sura 67, maneno zaidi ya 350,000, na wahusika wengi kiasi cha kuhitaji daftari la kuwafuatilia. Ndiyo maana wapo walimu wanaoteua sura chache au kutumia toleo lililofupishwa, muda unaobaki ukaenda kwenye uchambuzi. Wengine hushikilia kwamba riwaya isiyosomwa yote haijasomwa. Mimi niko karibu na hawa wa pili, ila hoja za wenzao hazitokani na uvivu.

Mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu anakutana humu na msamiati wa mawakili wa London ya miaka ya 1850. Mpe kurasa 100 kwa wiki, naye atakimbilia muhtasari kwenye intaneti. Atafika darasani akijua nani kafa, wala hajasikia hata sentensi moja ya Dickens. Huyo angefaidika zaidi na sura nne zilizosomwa polepole, kwa sauti. Sura ya kwanza peke yake inatosha somo zima: matope barabarani, ukungu uliotanda juu ya mto Thames ukaingia mpaka ndani ya Mahakama ya Chancery, iliyosikiliza kesi za mirathi, na sentensi zisizo na kitenzi kikuu, kana kwamba nazo zimepotea njia. Tena kuna mahali kitabu kinachosha kweli. Esther Summerson, anayesimulia karibu nusu yake, hurudia mno sifa anazomiminiwa na watu huku akisema hazistahili.

Sasa, tukate wapi? Kiini cha riwaya ni Jarndyce na Jarndyce, kesi ya mirathi iliyokaa mahakamani vizazi kadhaa. Inapokwisha haimpi yeyote ushindi: wosia mpya umepatikana, lakini mali yote imeshaliwa na gharama za kesi yenyewe. Dickens hakutia chumvi sana. Katika dibaji ya 1853 alitaja kesi ya kweli iliyokuwa na karibu miaka 20, mawakili 30 hadi 40 wakitokea kwa pamoja, na gharama za pauni 70,000. Msomaji wa toleo fupi huambiwa kesi ilikuwa ndefu. Msomaji wa kitabu kizima huichoka mwenyewe, hutumaini pamoja na kijana Richard Carstone kwamba jibu li karibu, kisha humwona Richard akifa mikono mitupu. Uchovu ule ni sehemu ya maana, na hakuna muhtasari unaoweza kuubeba.

Hali ni hiyo hiyo kwa Jo, mtoto maskini anayefagia njia watu wavuke barabara. Tunakutana naye sura ya 11. Anakufa sura ya 47, na msimulizi anamgeukia Malkia na wakubwa wa nchi kuwapa habari ya kifo hicho. Wanafunzi wakipewa ukurasa huo peke yake watasema Dickens anawaliza watu kwa makusudi, na hawatakuwa wamekosea. Ila aliyemwona Jo akifukuzwa kila aliposimama, sura baada ya sura, huisikia ghadhabu iliyo chini ya machozi yale.

Sababu inayonigusa zaidi inatuhusu sisi wasomaji wa Afrika. Katika sura ya 4 Bi Jellyby anaacha wanawe wachafu na wenye njaa huku akiandika barua kuhusu mradi wa Borrioboola-Gha, mahali pa kubuni kwenye ukingo wa mto Niger. Kejeli hiyo ina mfano wa kweli: safari ya Waingereza ya mwaka 1841 huko Niger ilikwama kwa homa, na Dickens aliikosoa gazetini mwaka 1848. Ukiishia sura ya 4, kejeli inamwangukia mama huyo tu, na unacheka. Fika sura ya 67: mradi umekufa kwa sababu mfalme wa huko alitaka kuwauza wote waliosalimika na hali ya hewa, alipwe pombe. Mwandishi anayemlilia Jo hakuwaona kabisa watu wa Niger. Toleo linaloacha mstari huo linamsafisha Dickens, na mwanafunzi wetu ananyimwa haki ya kumhoji.

Wasomaji wa kwanza hawakuimeza kwa wiki 12. Ilitoka kwa sehemu 19 za kila mwezi, Machi 1852 hadi Septemba 1853, shilingi moja kila sehemu isipokuwa ya mwisho, iliyokuwa maradufu. Sehemu ya Desemba 1852 iliishia mzee Krook, mwenye duka la vitu chakavu, amewaka moto kutoka ndani ya mwili wake, na mhakiki George Henry Lewes akapinga jambo hilo gazetini hadithi ikiendelea. Aliyewahi kusubiri hadithi ya mfululizo kwenye gazeti la Jumapili anaijua hamu hiyo. Sehemu moja kwa wiki ni wiki 19. Ianze muhula mmoja kabla, wanafunzi wabishane njiani. Ratiba ikikataa katakata, ningefundisha Hard Times, riwaya yake fupi zaidi ya 1854, sura 37, tukaisoma yote.